Mawe ya Kusagia ya Jirani

Juzi kijana wa jirani yetu wa zamani kanipigia simu kutoka Ibra. "Dada, njoo. Tunamhamisha mama kwenda mji wa Sur, kwa binti yake, na hatoki mpaka aone mawe yake yanakwenda kwa nani." Nilijua mawe gani, mwenzangu. Ya kusagia: la chini limetulia, la juu lina tundu la kutilia nafaka na mpini wa mti wa kuzungushia.

Tulipohamia Ibra, huku Uarabuni, kutoka Unguja nilikuwa mdogo, nasukwa nywele huku nalia. Bibi yangu hakujua Kiarabu hata cha kuombea chumvi. Sanduku lake alilifunga kamba, hataki mtu aliguse. "Mimi hapa mgeni tu, narudi kwetu," akisema. Jioni alikuwa akilia, na sisi watoto tukijifanya hatusikii. Roho ilikuwa ikiniuma, maana bibi akiondoka, nani angenilaza?

Idi ilipokaribia, jirani akatandika mkeka uani kwake, akamwita bibi kwa mkono, akapigapiga mkeka: kaa. Mawe yale yanataka watu wawili, mmoja huku, mwengine kule, mikono kwenye mpini mmoja. Bibi akaenda kwa kuona haya tu. Mawe yakaanza kunguruma, harufu ya ngano ikajaa uani, na unga ukawapaka nyusi mpaka wakachekana. Ngano ilipokwisha, bibi akaja mbio kuchukua mchele wetu. Unga wa mchele ulipojaa ungo, nikamwona anafungua kamba ya sanduku. Chuma chake cha vitumbua kilikuwa mle ndani! Idi ile tulikula vitumbua mpaka vidole vikanata. Kamba ikawa ya kuanikia nguo.

Basi wakawa ndio hivyo, miaka na miaka. Jirani akajifunza Kiswahili cha bibi, na ukali wake ndani. Mmoja akizungusha kwa pupa, mwenzake humkemea: "Taratibu! Unakimbilia wapi?" Mashine ya kusaga ilipofika sokoni, baba akawaambia wapumzike. Thubutu! Bibi akasema unga wa mashine unanuka moto. Uongo mtupu, walitaka umbea wao.

Bibi alishatangulia mbele ya haki. Nilipofika Ibra nikamkuta jirani kakaa kwenye mkeka, mawe yako mbele yake. Wanawe walitaka kuyapeleka nyumba ya wageni kule Misfat, watalii wayapige picha. Akayapangusa kwa ncha ya mtandio wake. "Chukua wewe. Lakini usije ukayapandia maua." Akatia konzi ya ngano, tukakaa, yeye mahali pake, mimi pa bibi. Nikazungusha kwa pupa, machozi yananitoka. Akanipiga kikofi mkononi.

"Taratibu. Unakimbilia wapi?"

Sasa yako kwangu Nizwa, ghorofani, pembeni mwa jokofu. Binti yangu ananunua unga wa paketi na kunicheka. Nimeyajaribu peke yangu. Yanazunguka, lakini mkono unachoka upesi, na kimya kile sikiwezi. Nakukumbuka sana bibi yangu, Mungu akulaze pema.

Nawe mwenzangu, ukipita Nizwa, njoo. Mchele ninao, chuma cha vitumbua ninacho, mkeka nimeshatandika. Upande wa pili hapana mtu.