Kanisa la Tofali Mbichi

Juzi, nikipita Kemambo, niliona akina mama wakifunika tofali mbichi kwa turubai. Harufu ya udongo ule ikanirudisha kijijini kwetu.

Tangu enzi za bibi tulisali kwenye kibanda cha nyasi. Mwaka mmoja, nikiwa bado mtoto, waumini walifyatua tofali wenyewe, wakajenga nazo zikiwa mbichi, na kuta zikafika usawa wa lenta, bado kenchi za paa na bati. Lakini mahindi yalikuwa yananyauka. Mchungaji akaita maombi ya mvua humohumo ndani ya kuta, na mimi niliona aibu jinsi mama alivyogaragara vumbini akilia.

Mvua ikaja. Nikaruka kwa furaha. Akina mama walipovua kanga zao na kuzitandaza juu ya kuta, nilidhani wanalivisha kanisa kwa sherehe. Kisha ukuta wa nyuma ya mimbari ukaanguka, pwaa! Mama akaukumbatia ukuta wa pembeni, tope likimtiririka kifuani.

"Mama, si tumejibiwa?"

"Tumejibiwa, mura, mwanangu," alisema bila kuuachia. "Shika upande huo."

Nikashika. Ukuta ulikuwa unapita katikati ya vidole vyangu.