Krenki na Ruhusa ya Mjomba

Kwetu kusini, mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba yake. Kwa hiyo nilipopata nafasi katika kiwanda kimoja Morogoro, sikuweza kujibu mpaka kaka yake mama aniruhusu. Ndiye aliyenileta mjini, akanipa chumba nyuma ya gereji yake Kariakoo, akaniozesha. Nikiondoka bila radhi yake, lawama zingemwangukia mama kijijini.

"Itulize kwanza pikipiki ya Mwarabu," alisema. "Ikitulia, tutazungumza."

Ilikuwa pikipiki kuukuu, yenye silinda mbili zilizoachana kama panda la manati. Miaka ile vipuri havikuwa vikiingia, basi tuliichongea pistoni za gari. Zilikaa vizuri, lakini zilikuwa nzito kuliko za asili, na injini ikawa inatetemeka vibaya.

"Mimi nilinunua pikipiki," alilalamika mwenyewe, muuza viungo wa mtaa wa pili. "Nyie mmenikalisha juu ya mashine ya kukoboa!"

Niliitoa krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Mizani ya sokoni isingeonyesha tofauti niliyoitafuta, nikaazima ya sonara. Nilipima pistoni na mikono yake, ile inayoziunganisha na krenki, nikapiga hesabu ya uzito ambao krenki ilipaswa kuusawazisha, nikaviringisha waya wa madini ya risasi wenye uzito huo pale mikono inaposhika. Kisha niliilaza juu ya vyuma viwili vilivyonolewa na kunyooshwa kwa pima maji. Nilipoiachia, ilijiviringisha taratibu, upande wenye waya ukashuka chini. Huo ndio uliohitaji kutobolewa ili upungue uzito.

Nilitoboa kidogo kwa keekee, nikairudisha juu ya vyuma, nikaitazama. Chuma ukishakitoboa hakirudi, na krenki nyingine tusingeipata.

Fundi mwenzangu alikuwa akinitazama huku akitafuna muhogo.

"Unajichimbia kaburi kwa keekee, ndugu yangu."

"Kwa nini?"

"Ukiiharibu, utakaa hapa mpaka uilipe. Ukiipatia, nani atakuachia?"

Niliinua keekee. Nilijua amesema kweli. Nilitafuta njia ya tatu, sikuiona, na kutoboa ovyo sikuweza. Niliendelea, tundu dogo baada ya jingine, mpaka krenki ikawa inabaki popote ninapoiweka.

Tulipoifunga injini na kuiwasha, mwenye pikipiki aliweka kikombe cha kahawa juu ya tangi. Kahawa ilitikisika kidogo tu ukingoni, haikumwagika. Alicheka, akampa mjomba mkono.

"Una mtu hapa!"

"Damu ya dada yangu hiyo," mjomba alijibu. Sikuwa nimewahi kumwona na furaha kama ile.

Nilisubiri mgeni aondoke.

"Mjomba, ulisema tutazungumza. Morogoro wananisubiri."

Alinishika bega, mkono wake mzito na wa upole.

"Morogoro wana mafundi wao, mwanangu. Mwarabu ana ndugu yake mwenye pikipiki kama hii, anaileta kesho. Ile mizani usiirudishe kwanza kwa sonara."