Kaa Chini ya Majivu

Nikisikia harufu ya mavi makavu ya ng'ombe yakiungua, kiganja changu hujikunja kana kwamba bado kimeshika kigae cha chungu.

Mama alikuwa amelazwa hospitali ya Haydom. Baba alikuwa akiondoka alfajiri kuendesha trekta kwenye shamba la ngano la serikali, nami nikabaki peke yangu. Viberiti havikupatikana, hivyo kila asubuhi nilienda na kigae changu kuomba moto kwa mama jirani, mfugaji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mama yako anaendeleaje?"

"Bado."

Alinichagulia kaa kubwa kwenye moto wake wa mavi ya ng'ombe, akalifunika kwa majivu. "Usikimbie, litazimika."

Kisha siku moja trekta la baba lililima malisho ya mama jirani mpaka karibu na zizi lake. Jioni hiyo baba hakula.

Asubuhi zilizofuata niliona haya kwenda. Siku ya tatu baridi ilinishinda. Nikatoa shikamoo mlangoni kwake, kisha nikachungulia ndani. Watu, ng'ombe, hata mbwa, wote walikuwa wamehama. Lakini kati ya mafiga majivu yalikuwa yamerundikwa vizuri. Nikayafukua kwa kijiti. Kaa kubwa lilikuwa bado jekundu.

Nikalibeba mpaka nyumbani. Sikukimbia.