Ufagio wa Jumapili Alfajiri

Mimi si mtu wa mizimu. Nimekulia Buger, kijiji cha huko huko Karatu, kwenye mahindi na maharage ya ngwara, na kwetu mtoto aliyeogopa giza ndiye aliyetumwa kuni gizani. Nalisema mapema ili mtu asidhani haya niliyatafuta.

Miaka ile intaneti ilipokuwa bado ngeni Karatu, nilifanya kazi kwenye kampuni ndogo ya utalii, kando ya barabara ya kwenda kreta, lile bonde la wanyama. Mwenye kampuni alikuwa mwanamke wa Kilimanjaro ambaye sote tulimwita Mama. Maombi ya wageni yalikuja kwa barua pepe, nazo zilipitia seva moja, kompyuta kuukuu iliyowekwa kwenye stoo ya zamani ya mahema. Iliendeshwa kwa Linux, mfumo usiolipiwa leseni, na sifa hiyo moja ilimtosha Mama. Aliyeifunga ni fundi wetu, naye mtu wa Kilimanjaro. Nilimwita kaka, na mkewe nikamwita wifi. Kaka ndiye aliyenitoa kwenye kupiga chapa akanifundisha seva.

Seva huandika kila inachofanya: nani kaingia, simu ipi imepigwa, barua ipi imekwama. Maandishi hayo ndiyo logi, na yasipopunguzwa hujaza diski. Kaka aliyawekea utaratibu. Kila Jumapili alfajiri faili la wiki lilifungwa na kupewa namba moja. Lililokuwa la kwanza likawa la pili, la pili likawa la tatu, la tatu likawa la nne, na lililokuwa la nne likafutwa. Aliuita ufagio. Alisema mashine ikikumbuka kila kitu itakufa, kisha akanitania kwamba hata mimi nijihadhari, maana ugomvi wa mwaka juzi nilikuwa nao bado kichwani.

Alikufa wakati wa ukungu. Alikuwa amepanda kwenye kambi moja ukingoni mwa kreta kutengeneza redio ya upepo, ile ya kuitana na magari, na wakati wa kurudi gari lilikosa kona. Tulimzika kwao, kwenye kihamba, shamba la ukoo, kati ya migomba.

Niliporudi ofisini nikafungua logi, nikalikuta jina lake. Alfajiri ya siku hiyo hiyo, kabla ya yeyote kufungua mlango, alikuwa ameingia na kutoka. Alfajiri ya jana yake pia. Hata alfajiri ya siku tuliyomzika.

Sababu niliijua. Alikuwa ameiagiza seva ipige simu Arusha kila alfajiri ichukue barua, na agizo hilo aliliandika kwa jina lake mwenyewe. Mashine ilikuwa inatii tu. Nilijua, na bado mwili ulinisisimka. Asubuhi moja niliwahi sana, nikaikuta modemu inapiga mluzi wake wa kutafuta laini, na jina lake likatokea kwenye kioo. Nilisimama pale mlangoni na mkoba begani, nikamwamkia.

Mlinzi naye alikuwa akiusikia mluzi huo, na mdomo wa mlinzi hauna komeo. Muda si muda Karatu nzima ilijua kwamba fundi amekataa kuondoka. Mfagizi akaacha kuingia stoo. Mama, ambaye kanisani hukaa benchi la mbele, alinikataza kufuta chochote. Kwao, alisema, nyumba ya msiba haifagiwi mpaka matanga yaanuliwe, na sasa hapa ndipo penye msiba. Nikamweleza habari ya diski. Akasema diski itasubiri. Nikamwomba basi nihamishe mafaili mahali pengine, akajibu kuwa kuhamisha ndiko kufagia kwenyewe.

Nikauzima ufagio. Nilifurahi kuuzima, kwa sababu faili lenye siku ya mwisho kaka alipoingia kwa mikono yake lilikuwa limeshafika namba nne.

Lakini huko Kilimanjaro matanga nayo yalikwama. Uvumi ulikuwa umefika, na wazee wa ukoo wakasema hawawezi kuanua matanga ya mtu ambaye bado anakwenda kazini. Wakamlaumu wifi kwamba aliharakisha maziko, roho ikabaki kwenye kona ile. Ikawa wao wanaingoja seva, na seva inawangoja wao. Diski ikajaa. Barua zikakataliwa, na wageni wakashuka uwanja wa ndege bila kukuta dereva wala bango. Mama alinijia juu kama moto wa kifuu, lakini ruhusa ya kufagia hakutoa.

Siku hiyo hiyo mchana wifi akaja mwenyewe. Alikuwa amekonda, kitenge cheusi kimemzidi mwili. Aliketi kwenye kiti cha mumewe, akanitazama.

"Wifi, niambie usinifiche. Anakuja?"

Nilimvutia kioo karibu. Nilimwonyesha mistari ya alfajiri, yote sawasawa, kuingia na kutoka papo hapo. Nikamweleza kuwa hiyo ni mashine, inafanya ilichoambiwa. Kisha nikafungua lile faili la nne, nikamwonyesha asubuhi ya siku aliyopanda kreta. Hapo alikuwa amekosea neno la siri, akarudia, akakosea tena, ndipo akaingia, akakaa mpaka karibu na saa ya chakula.

Wifi alicheka kidogo. Alisema vile vidole vyake vinene, hata simu vilikuwa vinabonyeza namba mbili mbili. Akaweka kidole chake kwenye kioo, juu ya mstari ule.

"Huyu ndiye," alisema. "Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo hajaja, wifi."

Alikiondoa kidole kwenye kioo. Halafu machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

"Nilifikiri nikisikia hivyo nitapumua. Kumbe nilikuwa nataka aje."

Nami nililia. Nilimnyooshea disketi, nikasema naweza kumnakilia mstari ule akaenda nao. Akauliza akae nayo aifanyie nini, kompyuta hana. Akafuta uso kwa ncha ya kitenge, akasema nifagie, wazee atawaambia yeye kwamba ameona kwa macho yake. Mama alikuwa amesimama mlangoni na hakupinga. Nikatoa amri. Faili la nne likaondoka, diski ikapata nafasi, na barua za wageni zikaanza kuingia.

Matanga yalianuliwa, nguo za kaka zikagawanywa, nikapewa sweta lake la kijani. Ofisini Mama akasema ile kazi ya alfajiri nayo igawiwe mtu. Nikalitoa jina lake kwenye agizo, nikaandika langu. Mwosha huoshwa, nilijua hivyo hata wakati vidole viko kwenye kibodi. Kuanzia kesho yake, nikiwa bado nimejifunika blanketi, jina langu lilikuwa linaingia ofisini bila mimi. Asubuhi nililisoma haraka nikapita.

Nilipoacha kazi ile nilimkabidhi aliyenifuata funguo na maneno ya siri yote, ila jina langu sikulitoa. Seva ile sijui kama bado ipo. Nikishtuka usingizini alfajiri, nalala nikisikiliza, nikijiuliza kama huko Karatu nimeshaingia.