Kadi ya Karatasi

Bibi yangu Hajra hasamehe. Naliweka hili mbele kabisa ili asije mtu akanambia nimemsingizia. Watu wa kijiji chetu cha Kiegei wakimwona anapita na ungo wake wa ufuta humwamkia kwa unyenyekevu, naye huwaitikia vizuri, lakini anajua nani babu yake alifanya nini mwaka gani. Mimi Sofia nimelelewa naye, nimelirithi jicho hilo, na sioni haya.

Baba yake aliitwa Swalehe. Aliendesha trekta la Wazungu kwenye mashamba ya karanga ya Nachingwea mpaka mpango ulipowashinda wakafungasha, naye akarudi kijijini mikono mitupu. Zikaja siku za kudai uhuru. Uchaguzi ulikuwa na masharti ya ajabu: kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja, kwa mkupuo. Chama kikubwa kikasema tuyameze hayo kwanza, mengine baadaye. Swalehe akakataa. "Nimchague Mzungu wa nini," aliuliza, "na juzi tu kaniacha porini na trekta bovu?" Akajiunga na chama kidogo, kimojawapo cha vile ambavyo vitabu vya shule huvipitia kwa mstari mmoja. Katika Kiegei nzima kilikuwa na wanachama wawili.

Wa pili alikuwa Rashidy. Au niseme wa kwanza, maana ni Rashidy aliyekileta chama hicho kutoka mjini, na kadi yake ilitangulia ya Swalehe. Ila Rashidy alikuwa mwepesi wa kunusa upepo. Mwaka wa sitini, uhuru ulipokaribia na kila mtu akijua nani atashika nchi, alimtupia Swalehe miguuni kadi yake mwenyewe ya chama, akahamia upande wenye watu. Hakuna aliyemlazimisha. Basi hapo angenyamaza tu, yaishe. Lakini aliogopa watu wasije wakakumbuka, kwa hiyo akatunga wimbo.

Kwetu mwali akitolewa unyagoni, anayeimbisha hutaja jina la mtu na kosa lake, na umati huitikia. Mtu akishaingia kwenye wimbo wa unyago, hatoki. Rashidy aliwafundisha wanawake:

"Swalehe kauza shamba!"

"Kwa kadi ya karatasi!"

"Swalehe kamuuza mama!"

"Kwa kadi ya karatasi!"

Msimu ule hakuna jirani aliyekwenda kumsaidia Swalehe kukata ufuta, na ufuta ukichelewa kukatwa hupasuka wenyewe ukamwagika chini. Wote ulimwagika. Bibi alikuwa na miaka minane. Anasema alikuwa akiziba masikio kisimani, watoto wenzake wanamwitikia hivyohivyo. Swalehe alihamisha familia Narung'ombe, upande wa Ruangwa, akafa huko bila kukanyaga tena Kiegei.

Bibi alirudi. Aliolewa hukuhuku kwa makusudi, naamini hivyo mimi, akajifunza mambo yote ya unyago mpaka akawa somo mkuu, anayefunda binti za watu wote, hata za kina Rashidy. Na kila wimbo ule ulipofikiwa, alimwachia mwenzake Dafrosa aimbishe, yeye akatazama chini. Watu walifikiri ni uzee wa koo. Wimbo wenyewe walishausahau maana. Swalehe kwao ni jina tu, mjinga fulani wa zamani.

Mwaka huu Jamali, mjukuu wa Rashidy, anataka udiwani. Mabango yake yanasema yeye ni wa ukoo wa wapigania uhuru. Mwezi wa sita, watoto walipofunga shule, akamtoa binti yake Yasmini unyagoni, kwa spika kubwa na wageni mpaka kutoka Marambo. Siku tatu kabla alikuja kwetu.

"Shikamoo, Bibi. Naomba ule wimbo wa kadi usikose. Wageni wanaupenda, ni historia yetu."

"Marahaba, mwanangu," Bibi akasema. "Safari hii nitauimbisha mwenyewe."

Nilimwona akifungua kopo la zamani alilorithi kwa Swalehe. Nilifurahi; kama nilivyosema, sioni haya.

Siku ya siku, uwanja ulijaa. Yasmini alikaa mkekani, kichwa kimeinama chini ya khanga, mikono magotini, maana mwali haruhusiwi kuinua uso wala kusogeza mkono mpaka nyimbo ziishe. Jamali alikuwa katikati na maikrofoni akicheza. Bibi akasimama, akaipokea ile maikrofoni, akatoa sauti ambayo sikujua anayo.

"Rashidy kauza shamba!"

"Kwa kadi ya karatasi!" uwanja mzima ukaitikia. Wameitikia hivyo tangu utoto. Mdomo hausubiri sikio. Jamali naye aliitikia, tena kwa nguvu, mkono juu.

"Rashidy kamuuza mwenziwe!"

"Kwa kadi ya..." Hapo sauti zikaanza kukatika, moja moja, kisha ngoma.

"Bibi, umekosea jina," Jamali akasema huku anajaribu kucheka.

"Sijakosea." Alifungua fundo la khanga, akatoa kadi iliyokunjika, imekuwa ya njano. "Soma, wewe uliyesoma. Jina la nani?"

Jamali alisoma jina la babu yake. Wageni wa Marambo wakasogea kuchungulia. Nikacheka, nakiri, na sikuwa peke yangu.

Bibi angeweza kukomea hapo. Lakini mimi nilikuwa karibu, na nikaona alichokiona: mabega ya Yasmini yakitikisika chini ya khanga, vidole vimekaza magoti, masikio wazi, hawezi kuyaziba. Bibi alimtazama. Kisha akainua maikrofoni akaimba tena tangu mwanzo, jina lilelile, na safari hii watu waliitikia wakijua wanachoitikia.

Kesho yake watoto walikuwa wakiuimba bombani. Jamali aliyabandua mabango mawili ya njia kuu, usiulize kwa nini.

Siku ya saba mwali humpelekea somo wake unga na kumwamkia. Nilimwambia Bibi hatakuja. Bibi akafagia uwanja na kutandika mkeka.

Alikuja peke yake. Akapiga magoti, akatua kikapu, akasema shikamoo bila kutetemeka. Bibi akamwitikia, akamwambia mila inampa ruhusa ya kuomba jambo moja, na somo hawezi kumnyima.

"Somo," Yasmini akasema, "nifundishe kuimbisha."

Kisha akanitazama mimi niliyecheka siku ile, akaniuliza kwa adabu jina langu kamili.

Bibi, ambaye sijawahi kumwona akimwogopa mtu, alinishika mkono kabla sijajibu.