Nafasi ya Kidole Kimoja

Mama yangu alikuwa amefunga begi yake tena. Alipoenda kuoga niliifungua, nikahesabu: vitenge vitano, blauzi mbili, rozari, panga ndogo ya kuvunia kakao. Nikahesabu tena. Zile safari zingine alizotishia kuondoka, panga haikuwemo. Basi safari hii alimaanisha.

Nilimleta Butembo kutoka Mangina kwa sababu huko mtu analala na viatu miguuni, tayari kukimbia risasi. Mimi nauza vitenge sokoni, nina chumba kisicho na mtu, nikadhani hiyo inatosha. Lakini Butembo ni baridi, na sakafu ya simenti asubuhi ni kama kukanyaga samaki. Mama ndala hataki ndani ya nyumba. Amekanyaga udongo wa joto maisha yake yote.

"Miguu yangu inakufa huku," alisema kila asubuhi. "Heri nikufie kule, mwili yote pamoja."

Jumatatu ijayo, alisema, baada ya kusali Jumapili, atapanda gari. Nililala vibaya, nikaamka vibaya, na Jumatano nikashuka Beni kutafuta mbao za kutandika chumba chake.

Fundi mmoja wa mbao alinionyesha marundo mawili. La kwanza libuyu, mbao ya kwetu, nyekundu, bado inanuka msitu. La pili mbao za zamani, rangi ya chai ya maziwa, zimeng'olewa katika nyumba ya mkoloni aliyelima kahawa.

"Hii iko chêne, mama. Muti ya Bazungu."

Kamusi inauita mwaloni. Mimi sijawahi kuuona umesimama, na yeye pia.

"Unajua aje ni chêne, kama haujauona?"

"Na weye unajua aje kama bitenge yako ni ya Hollande?"

Swali hilo lilikuwa la soko langu, si la kwake.

Alinipa ukucha wangu mwenyewe kama shahidi: nikaukandamiza kwenye libuyu, ukaacha alama, kwenye chêne ukapinda. Libuyu ile ni mbichi, akasema, ikikauka chumbani itaacha nyufa za kupitisha panya. Chêne ilikauka kabla sisi hatujazaliwa. Niligonga kila ubao nikasikiliza, nikageuza kila mmoja kutafuta matundu ya wadudu. Nilihesabu arobaini na nne. Mara ya pili zikawa arobaini na tatu. Fundi alikuwa amekalia ubao mmoja.

"Simama, fundi."

"Mama, unatazama mpaka matako ya batu!"

"Kama iko na mbao yangu chini, ndiyo."

Alipanda na mzigo mpaka Butembo. Akataka mbao zilale chumbani wiki mbili bila msumari, zizoee baridi yetu. Nikamwambia mama anaondoka Jumatatu. Akatazama ile begi mlangoni, akatoa nyundo.

Alipiga misumari Alhamisi kutwa. Alipofika ukuta wa mwisho akaacha nafasi, upana wa kidole kimoja, kutoka pembe mpaka pembe.

"Hii kidole ni ya nani?" nikauliza.

"Ya mbao. Mbao inavimbaka, mama. Inatafuta pa kupumua."

Sasa, mimi nimepima vitambaa miaka ishirini. Kidole kimoja kinachopunjwa katika kila pima najua kinakwendaga wapi, kwa sababu mimi pia ninacho.

"Jaza."

"Itakusumbua."

"Fundi, jaza."

Akapasua ubao mwembamba, akaupigilia mpaka ukalia. Nikapitisha jani la mwembe pembeni, halikuingia. Nikaridhika. Akiondoka akaniagiza: maji hapana, kitambaa kikavu tu, na sire kidogo, ile nta ya kung'arisha mbao, kila mwezi. Nikaitikia huku nahesabu misumari iliyobaki.

Jioni ile mama alitembea chumbani mara tatu. Ijumaa asubuhi hakutaja miguu. Nikaanza kuwa na tumaini, na mimi nikiwa na tumaini siwezi kukaa kitini.

Jumamosi nilikuwa sokoni. Kwetu Jumamosi kila nyumba inaoshwa kwa ajili ya Jumapili. Nyumba ikikaa kavu, majirani wanauliza nani mgonjwa. Mama aliipenda sakafu yake. Akaimwagia ndoo mbili.

Jumapili mapema nikasikia ananiita. Mlango wake unafungukia ndani. Ulisogea vidole viwili, ukagoma. Nikazunguka dirishani, penye vyuma vya wezi. Mbao zilikuwa zimeinuka katikati ya chumba kama mgongo wa ng'ombe, na mama amekaa kitandani, kitambaa cha Misa kichwani.

"Mutoto, umenifunga?"

"Mama, umeosha mbao?"

"Na weye ulisema isioshwe?"

Sikuwa nimesema. Kengele ya Misa ikapiga, tukaisikia wote wawili. Nikampigia fundi, lakini ni Mprotestanti, na ibada yao haina haraka. Sahani haikupita kwenye vyuma. Nikampitishia viazi vitamu kimoja kimoja. Sita. Ndoo ya kuoshea ikapata kazi nyingine.

Saa saba fundi akajibu. Alicheka kwanza, nikamwachia.

"Ile ubao mwembamba weye ulinilazimisha," akasema. "Itoke ile. Ingine yote tabu haina."

Nikaazima mtaimbo kwa jirani, nikaupitisha dirishani. Nilitaka kumwelekeza. Mama, ambaye ameng'oa visiki kabla mimi sijajua kutembea, aliuchomeka pembeni ya ukuta, akaegemea mara moja. Ubao ukaruka, nusura unipige. Kisha akapanda juu ya ule mgongo, akaukanyaga huku na huku, taratibu, kama anayekanyaga ndizi za pombe ya kasiksi. Ulishuka ukilalamika. Karibu saa tisa mlango ukafunguka.

Nilimkuta amepiga magoti. Alikuwa amefungua begi, na vitenge vyote vitano vilikuwa chini vinakunywa maji.

"Sasa nitasafiri na nini?" akasema, kana kwamba mimi ndiye niliyevitandika.

"Fundi anasema wiki tatu ndiyo ikauke."

"Basi nitaenda mbao ikikauka. Siwezi kuacha nyumba ya mutu hivi."

Fundi alirudi akaacha kidole chake kando ya kuta zote. Nilimshikia misumari. Vitenge vilikauka zamani. Mama sasa anavaa soksi za sufu na kupaka sire mwenyewe, anateleza chumbani akinung'unika kwamba ninamtumikisha.

Zile wiki tatu zimepita mara nyingi. Kila Jumatatu nikisikia magari yanaita abiria wa Beni na Mangina, naingia chumbani kwake bila sababu. Juzi aliniuliza kama mbao imekauka. Niliinama, nikapapasa kuanzia mlangoni mpaka dirishani. Nikapapasa tena.

"Bado kidogo, mama."

Akapitisha mguu wake wa soksi palepale nilipogusa.

"Ni kweli," akasema. "Hata mimi naisikia bado."