Sufuria Juu ya Mghafu

Ofisini kwetu Ibra, mji wa Kiarabu kando ya jangwa, ilikuja barua: mfanyabiashara mmoja anataka kulima majani ya mifugo, kwa mashine za kumwagia maji, katika malisho ya mchangani kusini ya Al Qabil. Kazi yangu ilikuwa kwenda kuangalia kama eneo lile lina watu. Likiwa halina, nitie saini, apewe. Kilikuwa kiangazi, mwishoni mwa miaka ya tisini, na mimi, mtoto wa mashamba ya karafuu ya Unguja, nilijiona bingwa wa ardhi yoyote duniani.

Saa kumi na mbili asubuhi niliagana na Mama.

"Shikamoo Mama, tunakwenda."

"Marahaba. Na hiyo chai ya kwenye chupa Salum asiimalize peke yake!"

Salum ni dereva wa ofisi. Wazee wake walitoka Kigoma. Lami ilipokwisha alipunguza upepo wa matairi yasizame, tukaingia mchangani.

Saa tatu tulifika. Nilitarajia mchanga mtupu, nikakuta vichaka, mafungu ya majani makavu, na miti mikubwa ya ghafu. Matawi yake ya chini yalikuwa sawasawa kama yamepitishwa mkasi, maana ndipo shingo ya ngamia inapofika. Chini yake palikuwa na samadi kavu ya mbuzi, na ndani ya samadi mbegu zilikuwa zinachipua. Mbuzi hula maganda ya ghafu na kuzitoa mbegu tayari kuota. Hayo niliyajua, nikayaandika kwa fahari.

Lakini mbuzi wenyewe hawakuwapo. Vibanda vya makuti vilifungwa kwa kamba, hapana moshi, hapana mtu. Kwenye mghafu mkubwa zilitundikwa sufuria, blanketi na kinu cha kahawa.

"Bosi, hawa washahama, vitu wametupa," alisema Salum. "Jaza fomu, khalas, turudi."

Nikaandika: hakuna watu. Saini niliiacha nikaitie mezani, kwani upepo ulikuwa unarusha mchanga.

Adhuhuri tulisimama Al Qabil, tukasali, tukaomba maji kwenye shamba la mitende kando ya falaji, mfereji wa maji ya kumwagilia. Bibi mmoja wa Kibedui, Ummu Hamad, alikuwa anachambua tende na binti zake, na mbuzi wake wamefungwa wanakula zilizoanguka. Alitukaribisha kahawa, akauliza tumetoka wapi. Nilipomweleza, akaweka kikombe chini.

"Mmeiona sufuria yangu mtini?"

"Tumeiona."

"Mbona hamkuichukua?"

"Ya watu, mama, tutaichukuaje?" alijibu Salum.

Ummu Hamad akacheka. "Basi wallahi mlijua kuwa kuna watu!"

Salum akainamia kahawa yake. Mimi niliona haya mpaka masikio yakaniwaka.

Akatueleza kwamba kila kiangazi wanashuka kwenye tende, wanarudi mchangani joto likivunjika. "Tukikaa kule mwaka mzima, mbuzi hawataacha hata kijiti. Miezi hii miche inashika mizizi." Kumbe ile miche niliyojivunia kuitambua ilikuwa hai kwa sababu wenyewe wameondoka makusudi.

Alasiri tulirudi Ibra. Niliingia ofisini kabla ya kwenda nyumbani, nikaichana ile fomu, nikaandika nyingine: "Eneo lina wenyewe. Kiangazi wako kwenye tende, na kuondoka kwao ndiyo matunzo ya malisho." Nikatia saini bila ya kusita. Siku ile nilijifunza kuwa anayekagua ardhi lazima aulize wenyewe wako wapi msimu ule, kabla ya kuandika kuwa hawapo.

Magharibi nilimsimulia Mama yote. Alicheka kwa lile jibu la Salum, halafu akaiweka kando ile chupa ya chai.

"Yule aliyeandika kuwa nyumba yetu ya Unguja haina mtu, ikachukuliwa," alisema, "alikuja tumo shamba, tunachuma karafuu. Na sufuria zangu zilikuwamo jikoni."